Habari ya Maneno ya Mkazo, Kutoka Pwani Hadi Mpanda

Yako katika kila lugha maneno madogo yasiyotaja kitu wala tendo, ambayo kazi yake yote ni kulitia nguvu neno jingine au kulipunguza makali, na kwa Kiswahili hayo ndiyo akina sana, mno, kabisa, hasa na kweli kweli, pamoja na jamaa zao wengi ambao mtu huwatumia kutwa kucha bila ya kuwatazama. Habari za majina ya vyombo vya baharini, za nguo, za vyeo na za ibada zimeandikwa kwa urefu, zikaelezwa zilitoka kwa nani na zilifikaje. Lakini maneno ya mkazo aghalabu hupewa mistari michache mwishoni mwa sarufi, kana kwamba hayana nasaba wala safari. Mimi naamini yana vyote viwili, na ya kwamba mahali pazuri pa kuitazama safari hiyo ni Mpanda na nchi yote inayoitwa leo Mkoa wa Katavi, maana huko Kiswahili kiliingia kama mgeni aliyetembea kwa miguu kutoka pwani, kikakaa, kikapata watoto, na baadaye kikakutana na Kiingereza, lugha ambayo katika jambo hili la kukoleza maneno ina hazina kubwa na mitego mingi.

Nchi hiyo, iliyo baina ya Ziwa Tanganyika magharibi na nyika za Unyamwezi mashariki, ilikuwa ya Wabende karibu na ziwa, ya Wapimbwe katika tambarare za Mpimbwe, ya Wakonongo katika misitu ya miombo ya Inyonga, na ya Warungwa, huku Wafipa wakiwa majirani wa upande wa kusini. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na ya watumwa ilipita humo, ikiwa na waungwana wa Unguja na Bagamoyo, Waarabu wa Unyanyembe, na wapagazi wa Kinyamwezi ambao ndio waliokuwa uti wa mgongo wa biashara yote. Mwaka 1871, Henry Stanley alipokuwa akimtafuta Livingstone, na kuikuta njia ya kawaida ya kutoka Unyanyembe kwenda Ujiji imezibwa na vita vya Mtemi Mirambo, alipinda kusini akapita Ukonongo, ndipo akapanda tena kuelekea ziwani. Na mwaka uliofuata Livingstone mwenyewe alipita pande hizo akielekea kusini, katika safari ambayo hakurudi akiwa hai.

Lugha ya misafara hiyo ilikuwa Kiswahili, lakini Kiswahili cha watu walio mbioni. Mpagazi hakuwa na nafasi ya kuchukua maneno yote ya pwani kama vile asivyokuwa na nafasi ya kuchukua vitu vyote vya nyumba. Alichukua yale ambayo njia ingeyadai. Na katika maneno ya mkazo njia ilidai matatu. Ilidai sana, kwa kuwa mizigo hufungwa sana na kamba huvutwa sana. Ilidai kabisa, kwa kuwa chakula hufika siku kikaisha kabisa na maji yakakauka kabisa, na kiongozi wa msafara asiyejua kama kibaba kimebaki au kimekwisha huwapeleka watu wake mautini. Tena ilidai mno, kwa sababu ya biashara yenyewe, ambayo haikuwezekana pasipo neno la kukataa bei. Mwenye pembe akiambiwa kwamba bei yake ni ghali sana, alifahamu kuwa mnunuzi ameona ukubwa wa bei lakini bado amekaa mkekani. Akiambiwa ni ghali mno, alifahamu kuwa mpaka umevukwa na mnunuzi anatafuta viatu vyake. Tafauti hiyo baina ya kilicho kingi na kilichopita kiasi ilikuwa na thamani ya shanga na ya kaniki, na kwa hiyo haikupotea njiani.

Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza ambaye baadaye alikuwa askofu, alipochapisha mwaka 1870 kitabu chake cha kuwafundisha wageni Kiswahili cha Unguja, aliliona jambo moja lililo dhahiri kwetu lakini geni kwa wenziwe, nalo ni kuwa neno sana hukitia nguvu kitendo chochote linachofuatana nacho, likabadili kazi yake kwa kadiri ya kitendo chenyewe. Ukimwambia mtu avute sana, unamtaka atumie nguvu za mikono. Ukimwambia aseme sana, aghalabu unamtaka apaze sauti. Ukimwambia ashike sana, unamtaka asiachie. Mwingereza hapo hana budi ya kubadili neno kila mara: avutaye kwa nguvu huvuta hard, ashikaye imara hushika fast, na asemaye kwa sauti husema loud, na mgeni akiyapindua maneno hayo, hata kama ataeleweka, atachekwa. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba sana ni neno maskini kwa kuwa ni moja. Ni neno lenye utii, lichukualo sura ya jirani yake, na utii huo ndio uliolifaa katika safari ya bara.

Lakini sharti tuseme pia kilichoachwa nyuma. Pwani kulikuwa na jamii nyingine ya maneno ya mkazo, ya kuchagua na ya kuoana, ambayo kila moja lina mwenzake wa kukaa naye wala halikubali mwingine: maskini ni hohehahe, mgonjwa ni mahututi, mlevi amelewa chakari, mtu aliyeloa ameloa chapachapa, mzaliwa wa mji ni kindakindaki, na anayekataa bila kurudi nyuma hukataa katakata. Kulikuwa na maneno yaliyotoka katika Kiarabu, ambayo watu wa elimu na wa mashairi waliyapenda kwa uzito wake: baridi shadidi, dhahabu halisi, hasa katika kulipambanua jambo, na ajabu kwa kitu kilichopita mazoea. Kulikuwa pia na maneno ya kukoleza ukanushi, abadani na asilani, yakisimama bega kwa bega na kamwe na katu, kiasi kwamba mtu wa Lamu au wa Unguja aliyesema hataki aliweza kuchagua daraja ya kutotaka kwake. Haya yote hayakwenda Ukonongo na misafara, au yalikwenda machache mno, na nionavyo mimi hilo ndilo lililokipa Kiswahili cha bara ile tabia ya kusema mengi kwa sana na kabisa, tabia ambayo watu wa pwani wamezoea kuiona kuwa ni upungufu wa fasaha, ilhali ni matokeo ya historia.

Mwezi wa Agosti 1879, Kapteni Ernest Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na jumuiya aliyoiunda Mfalme Leopold wa Pili, alianzisha kituo cha Karema ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, na mwaka 1885 kituo hicho kikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wale walioitwa Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Karema, iliyo leo katika Wilaya ya Tanganyika ya Mkoa wa Katavi, ikawa mahali pa shule, pa sala na pa dawa, na mambo hayo matatu yana haja yake ya maneno ya mkazo, tafauti na haja ya soko. Sala inahitaji ukamilifu, na humo kabisa na milele hupata heshima mpya. Shule inahitaji vipimo. Ama dawa inahitaji kitu kigumu zaidi, yaani kuujua ukweli wa maumivu kutoka katika kinywa cha mtu ambaye adabu yake inamkataza kulalamika.

Hapa siwezi kumpita Adrien Atiman, tabibu wa Karema, mtu ambaye maisha yake yanastahili kitabu katika kila shule ya mkoa huo. Alizaliwa upande wa Timbuktu, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na mapadre, akasomeshwa utabibu kisiwani Malta, kisha mwaka 1889 akafika Karema, akakaa hapo akiwatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Mtu aliyekuja kutoka ncha nyingine ya Afrika, ambaye lugha za ziwani zote zilikuwa ngeni kwake, alisikiliza wagonjwa kwa zaidi ya miaka 60. Na kila anayewafahamu watu wetu anajua tabibu wa namna hiyo husikia nini. Husikia neno kidogo. Mzee amelala siku tatu hawezi kunyanyua kichwa, na ukiwauliza watu wa nyumbani kwake hujibu kuwa mzee anaumwa kidogo. Mama ameshikwa na uchungu tangu usiku, na jirani atasema hajambo kidogo. Hakuna uongo hapo. Kidogo hicho si kipimo cha ugonjwa, ni kipimo cha murua wa msemaji, ambaye huona aibu kumtwisha msikilizaji balaa lote mara moja, na tabibu asiyeijua hitilafu baina ya kipimo cha mwili na kipimo cha adabu atamwacha mgonjwa wake afe mlangoni.

Enzi ya Wajerumani ilikitia Kiswahili ofisini, katika barua za maakida na majumbe na katika amri za kodi, na amri haina haja kubwa ya vivuli vya maana. Kwa hiyo katika habari yetu naipita upesi. Waingereza walipoishika Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ndipo mambo yalipogeuka, kwa sababu wao walikuja na mpango wa lugha mbili shuleni. Mkutano wa elimu ulifanywa Dar es Salaam mwaka 1925. Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi nne, Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Na mwaka 1939 zikatoka kamusi zilizosimamiwa na Frederick Johnson, ambazo wengi wetu tulirithi nakala zake zilizochakaa. Mtoto wa Kipimbwe au wa Kibende, ambaye Kiswahili chenyewe alikuwa amekipokea kutoka kwa baba aliyekipokea njiani, sasa alikalishwa mbele ya ubao, akaandikiwa upande mmoja maneno ya Kiingereza na upande wa pili maneno ya Kiswahili. Na katika orodha hizo very ilipewa sana, much ikapewa sana, na greatly na highly na extremely zote zikapewa sana, mpaka mwanafunzi akaona kuwa Waingereza ni watu wapendao kupoteza maneno.

Kumbe kila moja la maneno hayo lina kisa chake. Kabla ya Wanormani kuishika Uingereza mwaka 1066, watu wa huko walipotaka kukoleza sifa walisema swithe, neno ambalo asili yake ni nguvu. Kisha wakasema full, yaani kwa kujaa. Na baadaye, lugha ya Kifaransa ilipoingia katika nyumba za wakubwa, wakalichukua neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya kweli, wakaligeuza mpaka likawa very. Mtu wa zamani aliyesema very alikuwa akishuhudia ukweli wa jambo, kama sisi tusemavyo mzuri kweli. Lakini kwa kutumika kila saa ushahidi ule ulichujuka, likabaki neno la kuongeza kiasi tu, hata wakalazimika kutafuta shahidi mwingine, nalo likawa really, ambalo nalo hivi sasa linachujuka machoni petu. Awfully na terribly zilitoka katika hofu, hofu ya Mungu na hofu ya mauti, kisha zikashuka mpaka zikatumika kusifu chai. Huu ndio mwendo wa maneno ya mkazo katika kila lugha niijuayo: huanza yakiwa na maana nzito ya peke yake, huazima nguvu ya maana hiyo kwa jirani, na huendelea kuazima mpaka yakafilisika.

Mitego mikubwa zaidi imo katika maneno ya katikati, ambayo hayaongezi sana wala hayapunguzi sana. Quite ndilo la kwanza. Mwingereza akisema kwamba chombo ni quite empty, maana yake ni kitupu kabisa; akisema kwamba kazi yako ni quite good, maana yake ni nzuri kiasi, na huenda hakufurahi nayo. Neno ni lile lile, msemaji ni yule yule, na maana zinapishana kama vile zisivyojuana, kwa sababu utupu ni jambo lisilo na daraja, ama chombo ni kitupu ama sicho, na kwa hiyo quite hulikamilisha. Ilhali uzuri una ngazi, na hapo quite husimama katikati ya ngazi. Kadhalika fairly na rather. Zote mbili waweza kuzifasiri kwa kiasi, lakini wenyewe hupenda kuitumia fairly kwa jambo la kuridhisha na rather kwa jambo linaloanza kukera, hata mtu akisema chumba kina joto fairly anakushukuru, akisema kina joto rather anakuomba ufungue dirisha. Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa zote ni sana, au zote ni kidogo, hukaa ndani ya joto hilo bila kuelewa ameombwa nini.

Upande wa pili kosa lilitokea kwa mno. Kwa kuwa vitabu vya shule viliioanisha na too, ambayo kwa Kiingereza aghalabu hubeba lawama ya kupita kiasi, na kwa kuwa sisi mno yetu hufaa lawama na hufaa mapenzi vilevile, wanafunzi wa Afrika Mashariki wakaandika kwa Kiingereza kuwa wamefurahi too much, wakiwa na nia ya kusema wamefurahi mno. Naye msomaji Mwingereza akajiuliza furaha hiyo ilipita kiasi kwa nini. Mimi silioni kosa hilo kuwa ni la ujinga. Ni kosa la mtu mwenye lugha ambayo ndani yake wingi uliopita mpaka waweza kuwa neema.

Mpanda yenyewe ilikua mji kwa sababu ya madini. Katika kilima cha Mukwamba kulikuwa na risasi, pamoja na fedha, shaba na dhahabu kidogo, na kampuni ya Uruwira Minerals ilipoamua kuyachimba, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 reli ya tawi kutoka Kaliua katika reli ya kati, yenye urefu wa kilomita 210 hivi, ikikata misitu mitupu mpaka Mpanda, ambako ndiko iishiapo hata leo. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya uhuru, na watu wengi wakadhani reli nayo ingeng'olewa. Lakini katika miaka ile kumi ya kazi, Mpanda ilipata jambo ambalo Karema haikulipata, yaani mkusanyiko wa vibarua wa makabila mengi walioongozwa na wasimamizi wa Kiingereza kwa njia ya manyapara na makarani. Katika kazi ya baruti, ya ngazi na ya nguzo za kushikilia dari la mgodi, karani anayefasiri huchukua roho za watu ulimini. Msimamizi wa Kiingereza, kwa malezi ya kwao, husema ukuta ni rather unsafe, naye anataka watu watoke mara moja, kwa kuwa kwao mtu mwenye cheo huliita jambo kubwa kwa jina dogo; karani akifasiri kwa kamusi, atawaambia vibarua kuwa ukuta si salama kidogo, nao wataendelea kupiga sururu. Na ajabu iliyoje, kwamba mabwana wale waliotuona sisi kuwa watu wa kutia chumvi walikuwa na adabu ile ile ya mzee wa Karema anayeumwa kidogo! Laiti pande hizo mbili zingejua zinafanana.

Mwaka 1967 liliundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama za mwanzo, ya mikutano na ya shule zote za msingi. Wakati huo huo nchi ya Mpanda ilikuwa inapokea watu wapya. Vita na mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 viliwaleta maelfu kwa maelfu, wakapewa makazi ya Katumba mwaka 1973 na ya Mishamo mwaka 1978, wakafyeka msitu, wakalima, wakaijaza miji ya jirani mahindi, maharage na mihogo. Na mwaka 2014 zaidi ya 162,000 miongoni mwa watu wa makazi hayo na ya Ulyankulu huko Tabora walipewa uraia wa Tanzania. Katika Kirundi neno la mkazo wa kila siku ni cane, litamkwalo chane, na shukrani isiyo na neno hilo huonekana pungufu kama asante isiyo na sana. Baadaye walikuja kwa wingi Wasukuma na ng'ombe wao, wakiwa na no yao ya kuongeza na gete yao ya kuthibitisha, hii ya mwisho ikirudiwa mara mbili, gete gete, pale msemaji anapotaka kuapa bila ya kuapa. Mtoto aliyekulia Katumba na aliyekulia katika boma la Kisukuma wanapokaa dawati moja, kila mmoja ana ngazi yake ya nyumbani ya kupimia mambo, na Kiswahili ndiyo ngazi wanayopandia pamoja.

Wala Kiswahili cha huko hakikubaki na yale maneno matatu ya msafara. Watu wa bara wana njia ya kukoleza isiyoandikika, nayo ni kuivuta irabu. Mwulize mzee wa Mpanda ni wapi ilipo Karema, atanyoosha mkono magharibi na kusema ni kule, mbali; lakini ile e ya kule ataipandisha na kuivuta kwa kadiri ya milima iliyoko katikati, na mwenye sikio zuri hujua kutokana na urefu wa sauti hiyo kama atafika leo au atalala njiani. Sarufi zetu zililitaja jambo hili kwa haraka, na maandishi yetu hayana alama yake. Vilevile wana maarifa ya kurudia neno, ambayo nayo yana mitego kwa mgeni: kweli kweli ni kweli iliyokolea, lakini sanasana haina maana ya sana mara mbili, maana yake ni hasa, au kwa wingi wa makadirio, kama mtu asemapo kuwa sanasana atapata gunia mbili. Mtalii akiambiwa na kamusi yake kwamba very very ni sana sana, atakuwa amesema jambo jingine kabisa. Na katika kukanusha, nafasi ya neno ni kila kitu: si mzuri sana ni sifa iliyopunguzwa, si mzuri kabisa ni sifa iliyofutwa, na mahakamani tafauti hiyo yaweza kumfunga mtu au kumwachia.

Mahali nilipoyasikia maneno ya mkazo yakifanya kazi kwa utukufu wake wote ni katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 1974; nilikwenda mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua. Mto Katuma wakati huo huwa mfereji wa matope, na nyasi za tambarare ya Chada, ambayo masika huwa ziwa, zimekauka kau. Katika shimo moja la tope lenye upana wa uwanja wa mpira viboko walikuwa wamejaa pomoni, mgongo juu ya mgongo, weusi titi, wakinuka fe, na juu ya migongo yao wamesimama yangeyange weupe pe. Mwongozaji wetu, kijana wa hapo hapo, aliwaeleza wageni kwa Kiingereza safi kuwa pond ile ilikuwa very full na ukingo wake very dry. Kisha akatugeukia sisi, akasema yale niliyoyataja, pomoni na kau na titi na pe, na mara mandhari ile ile ikawa kitu kingine, kwa kuwa kila neno lilikuwa limekuja na rangi yake na harufu yake na sauti yake. Nikatamani mtu angemfundisha kwamba Kiingereza nacho kina hazina ya jamii hiyo hiyo, maneno yanayooana na mwenzake mmoja: kikavu kama mfupa husema bone dry, giza la lami husema pitch dark, aliyekufa fofofo husema stone dead. Hakuna aliyemwambia, kwa kuwa orodha za shuleni zilimpa very moja tu kwa sana moja, na kwa orodha hiyo lugha mbili tajiri zilikutana kinywani mwake zikiwa zimevaa matambara.

Kizazi cha sasa kimeleta maneno yake. Vijana wa Mpanda, kama wa Dar es Salaam, husema chakula ni kitamu hatari, muziki ni mzuri kinoma, na kwamba wanampenda mtu ile mbaya. Wazee wengi hukasirika, na nimesikia walimu wakiyapiga marufuku darasani. Kwa insha ya shule naafikiana nao. Lakini kwa asili ya jambo vijana wana hoja, kwa kuwa wamefanya lile lile walilofanya Waingereza kwa awfully na terribly, wameazima nguvu ya hofu ili kuipa furaha makali. Hasara iko kwingine. Neno hatari, ambalo Kiarabu kilitupa likiwa na maana ya kujihatarisha roho, lina kazi yake ya zamani ya kufanya, kazi ya kwenye vibao vya vivukoni, penye mamba na viboko, na kazi hiyo haiwezi kusubiri neno jipya lizaliwe. Kadiri neno hilo linavyotumika kusifu wali na nyama, ndivyo waandikao vibao hivyo watakavyolazimika kuliongezea sana, na baada ya sana, mno.